Alama za Mwaka wa Mwisho: Nani Amshuhudie Mtoto?



Mwezi wa Julai, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, swali moja hurudi vibarazani kwetu Likunja. Je, ni haki mtoto aliyesoma miaka 13 ahukumiwe kwa alama za mwaka wake wa mwisho?

Kanuni zenyewe si siri. A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Anayetaka shahada ya kwanza sharti afaulu masomo mawili ya tahasusi yake na kufikisha pointi 4. Lakini pointi 4 ni kizingiti tu. Katika masomo yanayogombewa, kama udaktari pale Muhimbili, waombaji wenye sifa ni wengi kuliko viti, na mwenye B humtangulia mwenye C. Tofauti ya B na C yaweza kuwa alama mbili tatu, na alama hizo zaweza kuwa zimepotea asubuhi moja ya mwezi Mei kwa sababu ya homa.

Taifa letu liliwahi kulikabili jambo hili kwa ujasiri. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba tumeutukuza mno mtihani, hali mtihani haupimi tabia ya mtu wala utayari wake wa kuwatumikia wenzake. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana Musoma na kukata shauri. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuingia tena chuo kikuu moja kwa moja. Alikwenda JKT, kisha akafanya kazi, na baadaye mwajiri wake na tawi la chama ndio walioandika kama anafaa. Tena, kuanzia 1976, cheti kilitokana na nusu mbili: nusu kazi na majaribio ya shuleni, nusu mtihani wa mwisho. Mimi ni wa rika lililoonja utaratibu huo. Ilitulazimu kusoma tangu siku ya kwanza, maana kila daftari lilikuwa shahidi.

Lakini shahidi ni nani? Hapo ndipo penye mgogoro. Siku hizo chuo kikuu kilikuwa kimoja nchi nzima, cha Dar es Salaam, mpaka Sokoine kilipoanzishwa mwaka 1984. Kwa hiyo neno la bosi au la katibu wa tawi lilikuwa na uzito wa kutisha. Idadi ya wasichana chuoni ilipungua, ikabidi wao waruhusiwe mapema kuingia bila kungoja, na katika miaka ya 1980 utaratibu ulilegezwa kwa wote. Leo alama za shuleni bado zinaingia katika matokeo, lakini sehemu yake ni ndogo kuliko ile ya mtihani.

Nilipokuwa nafundisha sekondari, kabla sijawa mkufunzi wa chuo cha ualimu, mzazi mmoja alinijia jioni. Alikuwa mtu mwema, mzee wa kanisa, na mwanawe alikuwa na bidii. Tukasalimiana, tukaulizana habari za shamba, kisha akasema: "Mwalimu, wewe ndiye mwenye kalamu. Alama tano zitakupunguzia nini?"

Nilimkatalia, lakini swali lake nimekaa nalo miaka mingi, kwa sababu alisema kweli. Mimi zisingenipunguzia kitu. Zingempunguzia mtoto mwingine, labda wa Liwale au wa Kibondo, ambaye sitamwona kamwe na ambaye baba yake hakujua mlango wangu.

Sisi wakulima wa ufuta na korosho tunalielewa hili upesi. Karani wa ghala akimwandikia shemeji yake kilo kumi asizoleta, hatoi mfukoni mwake. Mnada ukishalipwa, fedha ya kilo hizo inatoka katika mfuko wa wote. Karani huyo ataitwa na jamaa zake mtu wa huruma. Nasi tutamwita mwizi, na tutakuwa sahihi. Basi kwa nini mwalimu anayeongeza alama tunamwita mwema?

Najua jibu ambalo walimu wenzangu hutoa, nalo si jepesi. Husema: shule ya jirani inaongeza, nikiandika kweli peke yangu, watoto wangu ndio watakaoumia. Ni kweli wataumia. Sijawahi kupata njia ya kuufanya uaminifu usigharimu kitu. Ila naona kwamba kila alama ya uongo hushusha thamani ya neno la walimu wote, na neno letu likiisha thamani, mtoto hana shahidi mwingine isipokuwa ile karatasi.

Nayo karatasi si malaika. Matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Mwezi Mei serikali iliyafuta na kuyapanga upya. Majibu ya watoto hayakubadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni namna ya kuyapanga katika madaraja.

Uingereza nao walionja machungu hayo mwaka 2020. Sisi tulichelewesha mtihani wa kidato cha sita mpaka mwisho wa Juni kwa ajili ya korona. Wao waliufuta kabisa, wakawaomba walimu wakadirie. Serikali iliona walimu wamekuwa wakarimu mno, ikatumia hesabu iliyotazama pia matokeo ya nyuma ya kila shule. Karibu asilimia 40 ya makadirio yalishushwa. Mtoto hodari wa shule isiyowahi kung'ara alivutwa chini na kaka na dada waliomtangulia. Baada ya siku chache za kilio, tarehe 17 Agosti, wakarudi kwenye neno la walimu.

Nilipoisoma habari hiyo niliwafikiria watoto wa shule zetu za kata. Mtoto wa huku anahitaji mtihani usiojua anatoka wapi. Anahitaji pia mwalimu anayejua kwamba Novemba, siku za mtihani wa kidato cha nne, wazazi walimtaka shambani kuokota korosho. (Wazazi, hilo liko mikononi mwetu, wala halihitaji azimio la chama chochote.) Ndiyo maana ule mpango wa nusu kwa nusu naupenda hadi leo, kwa sharti kwamba daftari la alama liwe wazi, na mzazi aweze kuona kila jaribio na tarehe yake.

Linabaki jambo moja lisiloniridhisha. Yule aliyeugua siku ya mtihani akashuka, kisha akataka kurudia, hurudi kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapo hupimwa kwa mtihani peke yake. Miaka yake yote ya bidii, na madaftari ambayo mwalimu mwaminifu aliyasahihisha kwa taa ya chemli, hayaingii tena katika hesabu.