Asilimia Moja Iliyopotea



Vijana wenzangu, mnajua kuna nyota inaitwa Mpingo? Sio utani. Nchi nyingi zilipewa nafasi na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia kuchagua majina ya nyota na sayari za mbali, na Desemba 2019 majina yakatangazwa. Nyota iliyokuwa ikiitwa WASP-71 ikawa Mpingo, na sayari yake ikawa Tanzanite. Ni sayari kubwa ya gesi, nzito zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, na inaizunguka nyota yake kwa siku 3 hivi tu.

Sasa sikia hii. Mwanga wa Mpingo unasafiri zaidi ya miaka 1,000 kutufikia. Tanzanite yenyewe hakuna aliyeiona kwa macho. Waliijuaje? Wataalamu waliitazama ile nyota kwa subira, wakaona mwanga wake unapungua kidogo sana, chini ya asilimia moja, kisha unarudi. Baada ya siku 3 hivi, tena. Wakajua kuna kitu kinapita mbele yake.

Niliposoma hayo, nilijionea aibu.

Mimi nakaa Kibaha, naimba kwaya parokiani. Pembeni yangu, sauti ya tatu, alikuwa anaimba rafiki yangu. Kazi yake ikaisha. Akaanza kuchelewa mazoezi. Kwenye kundi la WhatsApp akawa anajibu "poa" tu. Kisha akahamia Kisarawe kwa mjomba wake. Mimi nimekuja kushtuka baada ya miezi miwili, tena kwa sababu Pasaka ilikaribia na sauti ya tatu ilikuwa haitoshi. Sikumkumbuka yeye. Niliikumbuka sauti yake.

Jumamosi moja nikafunga safari, daladala hadi Gongo la Mboto, kisha Kisarawe. Nikamkuta anapalilia mihogo. Akaniangalia weee, halafu akasema, "Kaka, kumbe mnajua kama sipo?"

Sikuwa na jibu. Jioni akaniambia kuna siku alilala akitamani asiamke.

Ndugu zangu, wenzetu wameona upungufu wa chini ya asilimia moja kwenye nyota ya mbali kiasi kile. Mimi sikumwona mtu niliyegusana naye mabega kila Jumapili.

Katika Luka 15, mchungaji ana kondoo mia, anapotea mmoja. Piga hesabu: ni asilimia moja. Kundi la tisini na tisa ukiliangalia kwa mbali unaona limetimia. Anayejua kwamba halijatimia ni yule anayemjua kila kondoo. Na Zaburi ya 147 inatufundisha kwamba Mungu huhesabu nyota na kuziita zote kwa majina. Sisi tumeipa jina nyota moja, tukafurahi. Yeye hajasahau hata moja, na hajakusahau wewe.

Kama ni wewe mwanga wako umepungua, Mungu ameshaona. Usikae kimya: mwambie padri, mama, rafiki, mtu yeyote unayemwamini.

Na kama uko salama, wiki hii hesabu. Nani hajaonekana jumuiyani? Usimtumie ujumbe tu. Nenda, umwite kwa jina lake.

Rafiki yangu bado yuko Kisarawe. Siku hizi nampigia kila Jumatano, na hatuongelei kwaya.

Ee Bwana, utupe macho ya kuona anayefifia kabla hajazimika. Amina.