Dhati ya Baiskeli ya Chuma

Katika vyombo vyote alivyojiundia binadamu ili kupunguza uzito wa safari, sijui kimoja kinachotulazimisha kuuliza juu ya dhati ya vitu, yaani kile kinachokifanya kitu kuwa kile kile ingawa siku zimekipitia na kukigeuza, kama baiskeli ya chuma iliyofanya kazi umri mrefu. Viungo vyake vyote viko wazi. Kila kimoja chaonekana, chashikika na chaondoleka, na mwenye spana mbili na subira kidogo aweza kuibadilisha yote, kiungo baada ya kiungo, pasipo kukosa hata siku moja kwenda nayo kazini.

Tuitazame baiskeli ya namna ile iliyotoka Nottingham, Uingereza, ikaenea Tanganyika, Unguja, Kenya na Uganda kabla Phoenix ya Shanghai na Hero ya Ludhiana hazijaja kushindana nayo: magurudumu ya inchi 28, breki za fito, madigadi meusi, na kiti cha ngozi juu ya springi. Mwenyewe aghalabu huanza kuibadilisha mara tu aipatapo. Keria ya dukani huiondoa, akamwendea fundi amfanyizie nyingine ya nondo iwezayo kustahimili gunia la mkaa. Huongeza vyuma viwili vya kuutegemeza uma wa mbele. Huizungushia fremu vipande vya mpira ili rangi isichubuke. Na akiwa mtu wa safari ndefu, hufunga dinamo na taa, na mfuko wa viraka, solusheni na pampu. Kisha wakati nao huanza kazi yake. Matairi huisha, mnyororo hulegea, gololi hulika, na rimu hukunjwa na shimo la barabara. Hata siku moja mwenyewe hutambua kwamba anapanda chombo ambacho karibu kila kipande chake hakikuwamo katika kile alichokinunua.

Nimekaa mara nyingi kwa fundi mmoja wa mtaani kwetu nikimwangalia anavyonyoosha rimu. Huipindua baiskeli magurudumu juu, hulizungusha gurudumu kwa kidole, na kushika kipande cha chaki karibu na ukingo wake, hata pale palipotokeza hujichora penyewe. Ndipo huzilegeza kidogo njiti za upande huo na kuzikaza za upande wa pili kwa kadiri iyo hiyo, akazungusha tena, akatazama, akakaza tena, mpaka chaki isiguse popote. Njiti ni 32 mbele na 40 nyuma, kama ilivyokuwa desturi ya baiskeli za Kiingereza, na hakuna hata moja inayoweza kuguswa pasipo nyingine kuhisi. Njiti iliyokatika huitoa na kuitia ndani ya kopo lililo kando yake, pamoja na nati, gololi na vipande vya mnyororo, maana fundi wa kweli hatupi chuma.

Na chuma ndicho kilichofanya swali letu liwezekane. Fremu ya aluminiamu ikipasuka haitoshi kuichomelea, kwa kuwa moto wenyewe huidhoofisha pande zote za maungio, na kuirudishia nguvu zake kwahitaji tanuri ambayo fundi wa chini ya mwembe hana. Chuma hupinda kabla ya kuvunjika, na kwa hivyo humwonya mwenyewe. Nacho kikivunjika, huungika. Mabomba ya fremu za zamani yalitiwa ndani ya vikuku vya chuma na kuunganishwa kwa shaba ya manjano, ambayo huyeyuka wakati chuma kingali kigumu na kupenya katika uwazi mwembamba uliopo kati yao. Basi bomba laweza kutolewa kwa moto ule ule ulioliingiza, na jingine likakaa mahali pake. Nikumbukapo haya sistaajabu kwamba Qurani ina sura nzima, ya 57, iliyopewa jina la chuma, na kwamba humo yametajwa manufaa yake kwa watu.

Swali lenyewe ni la kale. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, ameeleza kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakahojiana ikiwa ingali ile ile au imekuwa nyingine. Thomas Hobbes, Mwingereza, akalizidisha ugumu katika kitabu chake cha mwaka 1655: tuseme mtu alizihifadhi zile mbao kuukuu zote, akaziunda upya kwa mpangilio wa kwanza, je, ipi kati ya merikebu mbili ni ya Theseus? Huko lilikuwa swali la vitabuni. Huku kwetu ni jambo la kila siku, kwa maana vipande vya ndani ya kopo la fundi havikai bure. Hujikusanya, hupata fremu iliyonyooshwa, na siku moja mtoto wa jirani huonekana barabarani juu ya baiskeli iliyotokana navyo.

Wako wanaojibu kwa upesi kwamba dhati ya baiskeli ni fremu, kwa kuwa nambari imegongwa hapo. Jibu hilo latosha kwa askari wa kituoni, wala silidharau, lakini halimridhishi mwenye kufikiri, kwani tumekwisha kuona kwamba hata fremu hubadilishwa bomba kwa bomba. Heinz Stücke, Mjerumani wa Hövelhof, aliondoka kwao mwaka 1962 juu ya baiskeli ya chuma yenye gia tatu, akaizunguka dunia kwa muda wa miaka 50 hivi na zaidi ya kilomita 600,000. Fremu yake ilivunjika na kuungwa mara nyingi njiani, na mafundi wasiojuana, wala kusemezana lugha moja, walishiriki kazi moja bila ya kukutana.

Imamu al-Ghazali wa Tus, aliyefariki mwaka 1111, alipojibizana na wanafalsafa juu ya ufufuo katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alikumbusha kwamba mwili wa mtu hugeuka kwa chakula tangu utoto hata uzee, ilhali mtu mwenyewe ni yule yule, kwa sababu nafsi yake ni ile ile. Jibu hili latutosha sisi wanadamu. Lakini baiskeli haina nafsi. Basi umoja wake hutoka wapi?

Naona kwamba huuazima kwetu. Kauli ya Mtume haikutufikia kwa kuwa karatasi moja ilidumu, bali kwa isnadi: kila mpokezi alijulikana, ikajulikana alipokea kwa nani, na uaminifu wake ukapimwa. Baiskeli nayo hubaki kuwa ile ile maadamu mkono mmoja umeikabidhi kwa mwingine kwa haki, na kila aliyeigusa, mwenyewe au fundi, alikusudia kuitengeneza hiyo na si kuiondoa. Nakiri kwamba kulinganisha huku kuna mpaka wake, kwa kuwa mpokezi wa hadithi hana ruhusa ya kuongeza neno, ilhali mpanda baiskeli aweza kubadili keria, usukani na breki kama haja yake ipendavyo. Lakini wajibu mmoja wamekutana nao wote wawili, nao ni kusema kweli juu ya kilichopokewa na kilichoongezwa. Wala asidhani mtu kwamba umoja wa kuazima ni wa uongo. Amana nayo ni ya kuazima, na hakuna mwenye dini anayesema kwamba amana si kitu.

Kwa kipimo hiki mashaka ya Hobbes hupungua. Ile aliyoiunda fundi kwa vipande vya kopo ni baiskeli mpya, yenye isnadi inayoanzia kwake, nayo yastahili heshima yake. Ile iliyobadilishwa yote mikononi mwa mwenyewe ni ile ile ya zamani. Na baiskeli ya wizi, ingawa haikubadilishwa hata nati moja, imekatika isnadi yake tangu saa ile ilipotolewa penye mti ilipofungwa, kwa sababu aliye nayo hakupokea kwa mtu. Hapo ndipo naona ubaya wa wizi ulivyo mpana kuliko hasara ya mali: mwizi hachukui chuma tu, bali huharibu kweli iliyokuwa imefungamana na chuma hicho.

Kwa hivyo nawasihi wenye baiskeli za zamani, wanaouza na wanaorithisha. Usimkabidhi mtu chombo kitupu. Mwambie ulikipata kwa nani, bomba gani liliungwa na wapi, rimu ipi si ya asili, na ni fundi gani anayejua tabia yake. Na ikiwa kumbukumbu yako ni dhaifu, yaandike hayo kwenye karatasi, uiweke ndani ya mfuko wa viraka chini ya kiti.