Riwaya ya Mpelelezi na Mtuhumiwa Wake

Wako wanaouliza: je, kusoma riwaya za upelelezi na mapenzi kwafaa, au ni kupoteza wakati tu? Swali hili lastahili jawabu, kwani msafiri apandaye gari la moshi la Nairobi hapa Miritini, katika kituo kilichofunguliwa mwaka 2017, ana saa tano au zaidi za kukaa, na hapana kitu kimpunguziacho safari kama kitabu cha namna hiyo.

Riwaya za upelelezi si ngeni kwetu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichopigwa chapa 1960. Bwana Msa wake, mwenye kiko, hutazama, hupima, wala hafanyi haraka kumtaja mtu. Faida ya hadithi kama hizo ni hii: msomaji humshuku mmoja kurasa mia, kisha huona siye, akatahayari kwa dhana yake.

Lakini iko namna ya pili, ambayo mpelelezi humpenda mwanamke anayetuhumiwa kuua. Msomaji naye humpenda, hata akatamani ushahidi upotee. Mwandishi, aliyekwisha panga mambo, humtoa mwanamke safi mwishoni, na msomaji hudhani moyo wake ulijua. Hapo ndipo penye hatari. Amwachiliaye mtu kwa uzuri wa uso, kesho atamtia mwingine hatiani kwa uchakavu wa kanzu. Miritini ni mji wa watu wa kila upande. Simu ikipotea uani, jina la kwanza kutajwa ni la nani, kama si la mpangaji mgeni?

Na tukumbuke kisa cha Nabii Yusuf. Mke wa mkubwa alimtamani, kisha akamshitaki. Shahidi alikuwa jamaa wa mwanamke, lakini hakuutazama ujamaa, wala hakuutazama uzuri wa kijana. Alitaka itazamwe kanzu: imeraruka mbele au nyuma? Ilikuwa imeraruka nyuma, na kweli ikadhihiri. Hata hivyo, baada ya dalili zote hizo, Yusuf alitiwa gerezani. Basi haitoshi haki ijulikane. Yataka na watu wa kusimama nayo.

Kwa hiyo hatusemi riwaya zitupwe. Asomaye na asome, lakini akifunga kitabu ajiulize: je, nilimwona hana hatia kwa dalili, au kwa sababu nilimpenda? Akizoea kujiuliza hivyo kitabuni, huenda akajiuliza na uani. Kwani mtaani hapana mwandishi aliyeweka ukurasa wa mwisho wa kumtakasa mpangaji aliyesingiziwa. Akishafunga mizigo yake na kuhama kwa aibu, hata simu ikionekana chini ya mto, nani atakayemfuata kumwomba radhi?