Simba wa Kiooni, Simba wa Shambani

Mojawapo ya filamu za hifadhi zilizotangulia kupata umaarufu ilitengenezwa kwetu. Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia. Walihesabu wanyama na kufuatilia njia za nyumbu wakati serikali ya kikoloni inachora upya mipaka ya hifadhi. Michael hakuiona filamu ikionyeshwa. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai, ikaanguka, akafa. Filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti haipaswi kufa, ilitoka mwaka huohuo, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar.

Siibezi kazi hiyo. Iliwafanya watu wa mbali wajali mahali ambapo hawatafika kamwe, na hilo si jambo dogo. Ila mwaka huohuo wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi na kuchunga ndani ya Serengeti waliondolewa kupelekwa upande wa Ngorongoro. Waliojifunza kuwalilia nyumbu hawakujifunza kuwauliza wachungaji wamekwenda wapi.

Kila picha ina mahali inapokatwa, na kukata si kosa. Hakuna kamera inayobeba dunia nzima. Lakini mkato ukiwa uleule kwa miaka zaidi ya 60 unageuka kuwa somo. Mtazamaji anaamini kwamba nchi isiyo na watu ndiyo nchi ya asili, na mwanakijiji akija kutokea kwenye picha, anatokea kama jangili.

Nayaona hayo waziwazi zaidi huku Rufiji. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous, husifiwa kwa ukimya wake: mto mpana, viboko, mbwa mwitu, mikoche iliyosimama majini. Ukimya huo una historia. Pori lilipewa jina la mwindaji Mwingereza, Frederick Selous, aliyepigwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 katika vita ya Waingereza na Wajerumani. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha maelfu ya watu upande wa Liwale kwa sababu ya malale, na nchi waliyoiacha ikaingizwa kwenye pori. Anayepiga picha leo na kusema hapa hapajaguswa na binadamu anapiga picha ya mahame.

Kisha mto unatoka hifadhini, na filamu inaishia hapo. Maji hayaishii hapo. Yanapita Utete, yanapita chini ya daraja la Mkapa pale Ndundu, yanagawanyika kuingia delta ya Kibiti, kwenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote katika pwani ya Afrika Mashariki. Sinema iliwahi kuitamani delta hii kwa ajili ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha humo hadi ilipozamishwa tarehe 11 Julai 1915. Filamu ya Shout at the Devil ya mwaka 1976 ilichukua kisa hicho, lakini ikapigwa Afrika Kusini na Malta. Hata tulipokuwa hadithi, hatukuhitajika kuwepo.

Sasa tazama dungu. Ni kibanda juu ya nguzo katikati ya mpunga au mahindi, sakafu ya fito, paa la nyasi au makuti, ngazi ya miti. Mazao yakikaribia kuiva, familia huhamia huko. Mchana wanaamia ndege, usiku wanapiga debe kuwafukuza nguruwe pori. Simba huwafuata nguruwe, na nguruwe wameufuata mpunga. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulieleza kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi wengine zaidi ya 308. Rufiji ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi, mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, na wingi wa nguruwe pori ulitajwa kuwa sababu kubwa. Mwaka 2004 aliuawa simba mmoja huku Rufiji aliyehusishwa na vifo vya watu wapatao 35. Alikutwa na jino lenye jipu.

Huyo ndiye simba yuleyule wa kiooni, mwenye manyoya yanayong'aa jua likizama. Anapendeza kwa sababu kuna umbali kati yake na anayemtazama. Uzuri wake si wa uongo. Unahitaji usalama ili uonekane, na usalama huo haukugawiwa sawa. Aliyeko Frankfurt anao wote. Aliyeko dunguni ana ngazi tu, na huyo ndiye anayeombwa amvumilie simba kwa niaba ya dunia. Nadhani hapa ndipo maana ya uhifadhi inapopimwa: mtu anayelipa gharama ya kitu kizuri ana haki ya kuhesabiwa ndani ya uzuri huo. Kumtoa kwenye picha ni kumdhulumu mara ya pili.

Najua wapo watakaosema filamu yenye mkulima na debe lake haiuziki. Sikubali. Mwanamke anayelala juu ya fito na watoto wake huku akisikiliza nyasi zikitikisika ana kisa kizito kuliko mbio za duma tulizokwisha kuziona mara mia. Tena kisa chake kinaeleza jambo ambalo mbio za duma haziwezi kulieleza: kwa nini simba bado wapo Rufiji.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa vijana wetu wanaoshika kamera sasa, na kwa wenye mamlaka wanaotoa vibali vya kupiga picha hifadhini. Msiishie kwenye geti. Teremkeni na mto hadi Kibiti msimu wa mavuno, mlale dunguni na wenyeji, na filamu ikikamilika ionyesheni kwanza vijijini, kwa Kiswahili, kabla haijapelekwa kwingine kokote.