Picha za Kolo ni za Nani?

Kitu cha kale kina wadai watatu: aliyekifanya, anayekitumia, na atakayezaliwa kesho. Makumbusho aghalabu huwapatanisha bila taabu. Nyumba ya tembe ya Wagogo iliyojengwa katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1967, humfundisha mtazamaji wala haimnyimi Mgogo makao yake Dodoma. Shida huanza pale kinachotazamwa kinapokuwa ndicho kinachotumiwa.

Ndivyo ilivyo Kolo, katika Kondoa, mkoani Dodoma. Miamba yake ina picha nyekundu za watu na wanyama, zidhaniwazo kuwa kazi ya wawindaji wa kale. Na juu ya baadhi yake zimepakwa picha nyeupe, zidhaniwazo kuwa za wakulima waliokuja baadaye. Mary Leakey alizinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliziandika katika Urithi wa Dunia. Lakini Warangi nao wameendelea kupanda kwenye pango la Mungomi wa Kolo kutambika, kuomba mvua na uponyaji. Na pombe ya mtama ikirushwa ukutani, picha huharibika.

Mtunzaji husema: tambiko lizuiwe, picha zipone. Hoja hii ina nguvu, ila imesahau jambo moja. Kama zamani angalikuwako mlinzi mkali mlangoni, picha nyeupe zisingalichorwa kamwe. Matumizi ndiyo yaliyolifanya pango kuwa hazina.

Je, kila atumiaye ana ruhusa ya kuharibu? Hasha! Aliyepaka nyeupe alifunika kidogo akaongeza kingi. Pombe hufuta bila kuongeza. Atambikaye leo amepokea amana kwa mtu asiyemjua, na imempasa kumkabidhi mwingine asiyemjua.

Basi haki haimo katika kufuli wala katika mazoea. Imo katika kuwaketisha wazee wa Kolo barazani pamoja na watunzaji, wakiwa wenyeji, si wageni. Neno la kwamba pombe imwagwe chini, mbali na picha, likitoka vinywani mwao litatiiwa mchana. Likiletwa kutoka mbali litavunjwa usiku. Maonyesho yasiyowapa wenye utamaduni nafasi ya kusema ni sifa za maitini, na watu wa Kolo wangali hai.