Je, Ndoa Huleta Afya?

Husemwa kwamba watu wa ndoa huishi zaidi kuliko waseja. Maneno hayo yana msingi. Mwaka 1858 Mwingereza William Farr alichunguza hesabu za vifo vya Ufaransa, akaona kwamba kwa jumla watu wa ndoa walikufa wachache kuliko waseja na wajane. Lakini waliooana kabla ya miaka 20 hawakupata faida hiyo.

Basi twajiuliza: ni ndoa yenyewe iletayo afya, au ni matunzo yaliyomo ndani yake?

Sisi wa Masanze twaweza kujibu kwa tuyaonayo. Mke mwenye homa akilazimika kulima, kuteka maji na kusonga ugali, huku mume akingoja chakula, ndoa imemwongezea ugonjwa. Bali mume achukuaye ndoo na kumsindikiza mkewe zahanati amekwisha kuanza kumtibu. Vivyo hivyo mke amwambiaye mumewe aliyekohoa wiki mbili, "Baba nanihii, twende ukapimwe," pengine amemwokoa na kifua kikuu.

Wapo wasemao kwamba kumpiga mke ni kumfundisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yakataa: hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Aishiye kwa hofu hata usingizi haupati.

Siku ya arusi tuliahidi kutunzana, wazima na wagonjwa. Yafaa kila mmoja wetu ajiulize jioni ya leo: mwenzangu ameshindaje?