Sadaka Isiyotugharimu Kitu

Andiko: 2 Samweli 24:18-25



Mapema mwaka 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ndugu mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani alisimama kutoa ombi. Alikuwa dereva wa mradi wa utafiti wa afya hapa kando ya ziwa, na kazi ilikuwa imekatika ghafla. Akasema, "Pasta, tuombe hao watu warudishe pesa." Tuliomba. Mimi ndiye niliyeongoza, na niliomba kwa nguvu kweli kweli.

Usiku huo sikulala vizuri. Kumwombea ndugu yangu mkate wake halikuwa kosa. Lililonisumbua ni kwamba nilikuwa nimemwomba Mungu aguse mfuko wa mtu mwingine, na wangu sikuutaja hata kidogo.

Hebu tumwangalie Daudi. Tauni imeua watu 70,000 katika Israeli. Nabii Gadi anamwambia ajenge madhabahu kwenye uwanja wa kupuria nafaka wa Arauna Myebusi. Arauna ni mkarimu, anatoa vyote bure: uwanja, ng'ombe, hata kuni. Daudi anakataa. Hamdharau Arauna, wala hasemi zawadi yake ni mbaya. Ila hawezi kumtolea Mungu kitu ambacho yeye mwenyewe hakukigharamia. Analipa shekeli 50 za fedha, na tauni inazuiliwa.

Sisi watu wa ziwa tauni yetu tunaijua kwa jina. Ni malaria. Leo mama wa Kisumu, Siaya, Homa Bay au Migori akimpeleka mtoto kliniki, anapata chanjo yake. Kenya ilianza kuitoa Septemba 2019, na uzinduzi ulifanyika Ndhiwa. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike kwa watoto wa Afrika. Lakini kazi ya kuitafuta ilianza 1987. Mimi nilikuwa sijazaliwa! Kwa zaidi ya miaka 30 kuna watu waliolipia maabara, majokofu na mishahara bila uhakika wowote kwamba itafaulu. Nilisoma biashara chuoni, na wacha niseme ukweli: hakuna benki hapa mjini ingekupa mkopo kwa mpango wa namna hiyo. Pesa nyingi zilitoka kwa kampuni ya GSK na wakfu wa Bill na Melinda Gates. Hao ndio Arauna wetu. Tuwashukuru bila kinyongo.

Je, sisi hatukulipa chochote? Wako waliolipa. Kuanzia 2009 chanjo hii ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na Kombewa na Siaya ni kati ya vituo hivyo. Kina mama waliwaleta watoto wao, wakakubali watolewe damu, wakijua kwamba huenda mtoto akaangukia kundi linalopewa chanjo ya ugonjwa mwingine ili makundi yalinganishwe. Nikimsoma yule mjane wa Marko 12, nawaona wao. Chanjo si kamilifu, neti bado tunazihitaji. Lakini katika nchi tatu zilizotangulia, yaani Kenya, Ghana na Malawi, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13.

Kwa hiyo maskini walitoa. Waliokaa kimya ni sisi wenye uwezo kidogo, pamoja na serikali tunayoichagua. Sheria ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na kusema ipewe asilimia 2 ya pato la taifa. Kiwango hicho hakijafikiwa, na sijawahi kumsikia Mkristo akilalamika. Hata mimi sikulalamika.

Najua mtu atauliza: Pasta, utafiti wa nini wakati kuna mtoto anaungua homa leo? Swali hilo ni la haki, na silikimbii. Wiki ile ile tulichangia bili ya mtoto aliyelazwa kuongezewa damu. Kama ningebaki na shilingi mia moja tu, ningempa yeye. Lakini nyanyangu kule Seme alikuwa akitundika mahindi ya mbegu juu ya moto jikoni, moshi uyalinde na wadudu. Hata mwaka wa njaa tulikuwa tunayaangalia tu. Hakuna aliyemwita mkatili. Alijua kwamba nyumba inayokula mbegu yake itakwenda kuomba kwa jirani mwaka ujao, na mwaka unaofuata pia. Harambee ya hospitali ni chakula cha leo. Utafiti ni yale mahindi ya juu ya moto. Nyumba yenye hekima haiachi kimoja kwa sababu ya kingine.

Basi tufanye nini? Kaunti ikiita wananchi kwenye kikao cha bajeti, nenda, uliza utafiti umetengewa nini. Mtafiti akibisha hodi, usimkimbie wala usikubali kwa haraka. Muulize maswali yote, kisha uamue. Na kijana wako anayependa baiolojia, usimvunje moyo. Mimi nimewaomba wazee watenge sadaka ya Jumapili moja kila mwaka imsaidie mwanafunzi mmoja wa sayansi. Bado hawajanijibu.

Ndugu yetu dereva bado anatafuta kazi, tusiache kumwombea. Ila ombi langu mimi nimelibadilisha. Sasa nasema: Bwana, gusa mifuko, na uanze na wangu.

Amina.